Kupambanua Maandishi ya Mtu na ya Mashine

Atakaye kupambanua maandishi ya mwanadamu na yale yaliyotungwa na akili mnemba hana budi kwanza kuiacha dhana kwamba ya mashine lazima yawe mabovu, kwa kuwa programu hizi, zilizofunzwa kwa maandishi yetu wenyewe na zikisiazo neno lifuatalo kwa kadiri ya mazoea ya waandishi waliotangulia, hurithi fadhila zetu pamoja na taksiri zetu. "Katika ulimwengu wa leo", "ni muhimu kukumbuka kwamba", "si hilo tu, bali pia": ibara hizi zilijaa katika insha za shule na hotuba za wakubwa kabla ChatGPT haijatoka Novemba 2022.

Kipimo ninachokitegemea zaidi ni kuing'oa sentensi mahali pake na kuipachika katika makala ya jambo jingine kabisa. Ikikaa humo bila taabu, haikuwa na kazi ilikotoka. "Upepo mwanana wa bahari" hufaa Tanga, hufaa Lamu, hufaa hata mahali asipopata kufika mwandishi. Bali aandikaye kwamba kusi imeshika na ngalawa zimepandishwa mchangani amejifunga kwa majira na mahali, na msomaji aijuaye bahari aweza kumsahihisha. Mashine nayo, ikiamriwa, huitaja kusi. Basi tazama kama kusi hiyo yabadili lolote katika habari, au imetiwa kwa pambo tu.

Ushairi una mtihani wake. Tarbia ya kawaida hudai mizani 16 kwa mshororo, nane kwa nane, kanuni ambazo Kaluta Amri Abedi alizieleza katika kitabu chake cha 1954, *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*. Mashine, isomayo maneno kwa vipande visivyolingana na silabi, aghalabu hupata vina ikapoteza mizani. Hata hivyo guni, yaani shairi lisilotimiza kanuni hizo, si ushahidi yakini, maana wanagenzi nao hutunga guni.

Wala usitaraji chombo kikuamulie: kampuni ya OpenAI yenyewe, iliyounda ChatGPT, ilitoa Januari 2023 programu ya kutambua maandishi ya mashine, ikaiondoa Julai mwaka huo huo kwa uchache wa usahihi wake. Enyi wahariri na walimu, msimtuhumu mtu kwa kunyooka kwa lugha yake pekee. Mwiteni, mumwulize kwa nini alichagua neno hili akaliacha lile, kisha mumsikilize kwa uadilifu.