Pacha Zilipofuta Pamoja: Jinsi KDE Ilivyonusurika

Tarehe 22 Machi 2013, wasimamizi wa mitambo ya KDE, jumuiya ya watengenezaji wa programu huria, waliizima seva ya git.kde.org ili kuiwekea masasisho ya usalama. Ilipowashwa, mfumo wake wa faili ulikutwa umeharibika. Humo ndimo zilimohifadhiwa ripozitori (hazina za misimbo) zipatazo 1,500, ikiwemo misimbo ya Plasma, Krita na Okular, kazi ya miaka mingi ya watu wa kujitolea.

Mfumo wa faili kuharibika ni jambo la kawaida. Linalotisha ni kwamba KDE ilikuwa na seva pacha kadhaa, zilizojinakilia kila kitu kutoka seva kuu mara kwa mara, usiku na mchana. Hizo ndizo zilizohesabiwa kuwa akiba. Nazo zikaharibika.

Ilikuwaje? Kila pacha ilianza zamu yake kwa kusoma faili moja yenye orodha ya ripozitori zote. Iliyomo kwenye orodha ilisasishwa; isiyokuwemo ilifutwa, kwa kudhaniwa kuwa mradi umeondolewa. Siku hiyo faili ya orodha nayo ilikuwa imeharibika. Pacha ziliisoma, zikaiamini, zikafuta. Hakuna aliyevamia mfumo wala aliyekosea amri. Utaratibu ulifanya kazi yake barabara, na hapo ndipo penye kasoro: seva pacha huijua sasa tu, haiikumbuki jana. Zaidi ya hayo, dalili zilionyesha kwamba uharibifu kwenye diski ulikuwa umeanza kabla ya siku hiyo, kimyakimya, huku unakili ukiendelea.

Wengi waliamini kuwa Git, programu inayotunza ripozitori hizo, ingepiga kelele mapema, na walikuwa na sababu. Kila kitu kinachohifadhiwa na Git hupewa jina linalotokana na maudhui yake yenyewe: tarakimu na herufi 40 za SHA-1. Ukifungua folda ya .git/objects utaona folda ndogo zenye majina ya herufi mbili, na ndani yake faili zenye majina ya herufi 38 zilizobaki. Biti moja ikigeuka, jina na maudhui havilingani tena. Lakini ulinganisho huo haufanyiki wenyewe kila saa; amri ya git fsck ndiyo hupitia kila kitu na kukikagua. Jeff Mitchell, mmoja wa wasimamizi hao, alifanya majaribio baada ya tukio na kuonyesha kuwa kunakili ripozitori mbovu kwa njia ya pacha kungeweza kukamilika bila onyo lolote.

Kilichowaokoa ni bahati. Seva mpya iliyokuwa imeandaliwa karibuni kwa ajili ya tovuti ya projects.kde.org ilikuwa bado na nakala nzima ya ripozitori. Kutoka hapo zilirudishwa zote. Binafsi naona KDE inastahili heshima kwa kuyaeleza haya hadharani, kwani mashirika mengi huyafunika.

Tatizo kama hili hutokea pia kwenye kompyuta ya mtu mmoja, hasa umeme unapokatika wakati Git inaandika. Faili ndani ya objects hubaki na ukubwa wa baiti sifuri, na ripozitori inagoma. Hapo usiguse chochote kabla ya kunakili folda nzima, pamoja na .git, kwenye diski nyingine. Majaribio ya kutengeneza yanaweza kupoteza kazi zaidi ya hitilafu yenyewe. Kisha endesha git fsck --full ikutajie vilivyoharibika. Faili zilizo tupu zihamishe pembeni, halafu chukua yaliyomo kwenye objects ya mwenzako mwenye nakala nzima uyaongeze kwenye yako. Kwa kuwa majina hutokana na maudhui, vitu vya watu wawili havigongani. Kama kilichopotea hakijawahi kumfikia mwenzako, lakini faili yenyewe bado unayo kwenye folda ya kazi na hukuibadilisha, git hash-object -w itakiunda upya kwa jina lilelile. Maliza kwa kurudia fsck.

Kwa upande wa akiba, funzo la KDE linawahusu hata wasioandika programu. Folda inayojisawazisha na Google Drive au Dropbox ni seva pacha: ukifuta huku, kule kunafutika. Huduma hizo hutunza matoleo ya zamani kwa muda fulani, nao ukipita yameondoka. Kwa hiyo tunza nakala za tarehe tofauti, ya jana, ya wiki iliyopita na ya mwezi uliopita, na angalau moja iwe kwenye diski isiyochomekwa muda wote. Utaratibu unaofuta vitu wenyewe uwekewe breki: orodha ikipungua ghafla, usimame na kumwita mtu badala ya kuendelea kufuta. Na mara kwa mara chukua nakala ya zamani, irudishe kwenye kompyuta nyingine kabisa, fungua mradi wenyewe na uangalie kama unafanya kazi.