Mguu Niliouvunja kwa Kalamu

Ndugu msomaji, nianze kwa kukiri kosa. Miaka michache iliyopita niliandika hadithi fupi kuhusu kijana wa Ngamiani, winga mwenye mbio, anayechezea timu ya nyumbani. Mashabiki wanambeba mabegani pale Mkwakwani. Kisha wanakuja mabwana wa Dar es Salaam na bahasha nene. Kijana anamwaga wino usiku, alfajiri anapanda basi, hamuagi mtu. Huko mjini anapata gari, anapata wasichana, anapata kiburi. Mwishoni, kama ulivyokwisha kubuni, anavunjika mguu, timu inamtupa, anarudi Tanga na mkongojo. Mama yake anamtazama na kumwambia: mwacha asili ni mtumwa. Tamati.

Hadithi ilipendwa bwana. Washikaji tunaokutana jioni kusomeana kazi zetu walinipigia makofi. Mmoja tu hakupiga. Huyu si mwandishi, ni rafiki yangu wa mtaani ambaye alipita tu akakaa kusikiliza. Alikuwa beki wa kulia katika timu moja ya madaraja ya chini, jina naliacha. Aliichezea misimu minne. Timu ya mkoa mwingine ilipomtaka, viongozi walimwita chemba wakamwambia, “Vumilia, hii ni timu yako, mtoto wa nyumbani haondoki.” Akavumilia. Mshahara ulikuwa wa ahadi, posho ilikuwa ya bahati. Goti lilipokwenda, matibabu walichanga ndugu zake. Leo anaendesha bodaboda.

Siku ile alinirudishia karatasi zangu akasema, “Mgosi, hadithi tamu. Lakini mimi sikuhama, na mguu ukavunjika vilevile. Mimi mama angenipa methali gani?”

Sikuwa na jibu. Tahakiki hii ni jaribio la kumjibu, na ninaanza kwa kuihakiki kazi yangu mwenyewe ili mwenzangu yeyote asiseme namwonea.

Tangu siku ile nimekuwa nikizisoma kwa jicho jingine hadithi za mpira tunazoandika vijana. Nyingi ni hadithi moja iliyobadilishwa majina. Kuna mchezaji mwenye tamaa, kuna mzee wa klabu mwenye machozi, kuna mama mwenye methali. Pesa ni shetani, timu ya nyumbani ni pepo. Anayeondoka lazima aadhibiwe kabla ukurasa haujaisha. Na neno linalobeba mzigo wote ni moja tu: msaliti.

Kasoro ya hadithi hizi ni kwamba hukumu imetangulia ushahidi. Mwandishi anatuonyesha bahasha ya Dar es Salaam, lakini hatuonyeshi mkataba wa Tanga. Mchezaji alikuwa analipwa ngapi? Alilipwa mwezi gani mara ya mwisho? Mkataba ulibakiza muda gani? Hatuambiwi. Katika hadithi yangu mwenyewe hakuna hata mstari mmoja unaotaja mshahara wa yule winga kabla hajaondoka. Nilimfanya mtu wa tamaa kwa kuuficha mfuko wake mtupu. Huo, kwa lugha ya kwetu, ni uchoyo wa kalamu.

Hebu tutazame mambo yalivyo hasa. Tarehe 2 Julai 2022, katika uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, Coastal Union ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Yanga. Mechi iliisha 3-3, na Yanga wakachukua kombe kwa penalti. Mabao yote matatu ya Coastal yalifungwa na mtu mmoja, Abdul Suleiman “Sopu”. Kabla msimu mpya haujaanza, Sopu alikuwa mchezaji wa Azam. Miaka miwili nyuma yake, mwaka 2020, beki Bakari Mwamnyeto alitoka Coastal kwenda Yanga, na huko akaja kuwa nahodha.

Sasa mwambie mwandishi wetu aitie fainali ile katika hadithi. Atamweka Sopu kwenye basi la usiku na kumtafutia mguu wa kuvunja. Lakini fikiri kidogo: mtu kaifungia timu yake mabao matatu katika fainali. Ni deni gani tena la mapenzi analodaiwa? Kama uaminifu unapimwa kwa jasho, hapo ulipimwa mbele ya macho yetu.

Dunia ya mpira yenyewe ilichelewa kulielewa jambo hili. Mwaka 1990 mkataba wa Jean-Marc Bosman na klabu ya RFC Liège ya Ubelgiji ulikwisha. Alitaka kwenda Dunkerque, Ufaransa. Klabu yake ikadai ada ya uhamisho, ingawa mkataba haukuwepo tena. Alikwenda mahakamani, na tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Ulaya ikaamua kwamba mkataba ukiisha, mchezaji hauzwi. Kwa wachezaji wa Ulaya ndipo mlango ulipofunguka, na hicho ndicho tunachokiita leo mchezaji huru. Bosman mwenyewe hakutajirika. Wengine ndio waliokula matunda. Hapo ndipo penye hadithi, jamani, wala hakuna mguu uliovunjika.

Kwetu mambo haya yamefika, ila lugha yetu bado haijafika. Mwaka 2023 Jonas Mkude, aliyelelewa Simba, alikwenda Yanga. Julai 2024 Clatous Chama alimaliza mkataba wake Simba naye akavuka kwenda Jangwani. Kila mmoja alikwenda baada ya mkataba wake wa Msimbazi kwisha, lakini mitaani kelele zilikuwa kana kwamba mtu kakimbia na sanduku la fedha za klabu. Ajabu yake, kila msimu ukiisha vilabu vyetu hubandika picha za wachezaji visivyowataka tena, chini maneno ya asante, basi, kwaheri ya kuonana. Sijasikia shabiki akiita klabu msaliti kwa hilo. Klabu ikimwacha mchezaji ni mipango ya mwalimu. Mchezaji akiiacha klabu ni tamaa. Mizani gani hiyo yenye sahani moja?

Nisije nikaonekana nawapamba wachezaji tu. Wako wanaoondoka mkataba ungali hai, na hapo maneno yanabadilika. Desemba 2022 Feisal Salum, Fei Toto wa Zanzibar, alitangaza kuvunja mkataba wake na Yanga. Kamati ya TFF ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga, mvutano ukaendelea miezi, hadi Juni 2023 alipohamia Azam. Kisheria hakuwa mchezaji huru. Lakini mwandishi hakai kiti cha kamati. Kamati huuliza kama saini ipo. Sisi kazi yetu ni kuuliza saini ile iliwekwa na kijana wa umri gani, anajua nini, nani kasimama pembeni yake, na kwa nini leo inamuuma. Na tusiisahau ile ya Tanga ya mwaka 2024: Simba ikamtangaza beki Lameck Lawi kuwa wake, Coastal ikajibu kuwa malipo hayakutimizwa kwa wakati uliokubaliwa. Tulisikia klabu hii, tukasikia klabu ile. Sauti ya Lawi katikati ya kelele ilikuwa ndogo sana. Mwandishi anayetafuta mhusika mkuu, si huyo hapo?

Hata hivyo, nakubali, kuna majonzi ya kweli upande wa pili, na tahakiki isiyoyaona itakuwa na chongo. Coastal Union ilitwaa ubingwa wa Bara mwaka 1988. Wazee wa hapa wanausimulia mwaka huo kama watu wengine wanavyosimulia harusi. Tanga ya zamani ilikuwa na mkonge, ilikuwa na viwanda, na mchezaji aliweza kupata kibarua mjini akabaki. Viwanda vingi vilipokufa, kilichokufa navyo ni uwezo wa mji kumwambia kijana “kaa”. Anayeondoka na viatu vya mpira ni ndugu wa anayeondoka na cheti cha chuo. Wote wanapanda basi lilelile. Na kibaya zaidi, mkataba wa mchezaji ukiisha, klabu ndogo iliyomlea haipati ada ya uhamisho. Inabaki na picha ukutani. Shabiki wa Wagosi wa Kaya anayenuna barazani ana haki ya kununa. Ninachosema mimi ni kwamba ananunia mtu asiye na kosa.

Kuna jambo jingine linalotuhusu moja kwa moja sisi wa kalamu. Shaaban Robert, fahari ya Tanga, alikula mshahara wa serikali ya kikoloni, tangu idara ya forodha mwaka 1926. Bi Shakila aliimba Tanga, katika Black Star na Lucky Star, kisha akahamia Dar es Salaam, na sauti ikaendelea kuwa ya kwetu. Hatuwaiti wasaliti. Tunajua kwamba mtunzi na mwimbaji wana matumbo. Na sisi wenyewe je? Nani kati yetu hajawahi kuandika tangazo la biashara la mtu kwa vijisenti, hadithi yake ikimngoja mezani? Nikipigiwa simu kesho na gazeti la Dar, mshahara kila mwezi na bima juu, sitauliza timu. Nitauliza basi linaondoka saa ngapi. Nilimvunja mguu yule winga kwa kosa ambalo mimi mwenyewe naliombea lije.

Kwa hiyo, wenzangu, siwaambii muandike hadithi za kuwasifu wanaohama. Hiyo nayo itakuwa hadithi moja iliyobadilishwa majina. Nawaomba mambo mawili tu. La kwanza, mkataba uwemo ndani ya hadithi: kiasi, muda, na nani aliusoma. La pili, mpeni nafasi anayebaki. Tumewaandika wanaoondoka mpaka wino umekauka, lakini aliyebaki kwa sababu aliombwa abaki, aliyecheza na deni la miezi mitano, aliyevunjika akiwa na jezi ya nyumbani, huyo hatumjui. Labda tunamwogopa, maana yeye anaiharibu ile methali ya mama.

Watu husema kuhusu Tanga, waja leo waondoka leo. Nilikuwa nikidhani msemo huo ni wa wageni. Siku hizi naona unatuhusu na sisi wenyeji.

Hadithi yangu nimeanza kuiandika upya. Winga nimemwondoa. Mhusika sasa ni beki wa kulia, na hahami. Nimefika pale viongozi wanapomwita chemba, na kila nikijaribu kuwaandikia maneno yao, natamka yaleyale ambayo rafiki yangu aliambiwa. Nikimaliza nitamsomea yeye kwanza, kabla ya ninyi. Kama hatapiga makofi, nitaichana.