Yaya Asiye na Sura: Kazi ya Malezi katika Picha Mbili za Berthe Morisot

Sanaa ya Ulaya imezoea kumtukuza mama na kumsahau anayelipwa kulea. Mchoraji Mfaransa Berthe Morisot aliikiuka desturi hiyo, lakini nusunusu. Katika Le Berceau (1872), dada yake Edma anamtazama mwanawe aliyelala katika susu. Uso wa mama unasomeka wazi. Mnamo 1880 hivi, Morisot alimchora yaya akimnyonyesha Julie, binti wa mchoraji mwenyewe. Hapo wanawake wawili wako kazini: mmoja ananyonyesha, mwingine apate kuchora. Hata hivyo, sura ya yaya imezama katika mapigo ya brashi. Picha inaikiri kazi bila kumkiri mfanyakazi, wala haiulizi mtoto wa yaya analelewa na nani. Sera ya malezi isiyouliza swali hilo hurithi upungufu uo huo.