Tumaini Alikosea Wapi?

Nimeisoma tena "Dunia Uwanja wa Fujo" ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1975, na bado nagombana nayo. Tumaini anarithi mali, anaitapanya ujanani, kisha anajirekebisha na kuwa mkulima mkubwa. Mara Ujamaa unabisha hodi, shamba linatakiwa. Badala ya kukubali, anamwua Mkuu wa Wilaya, naye anahukumiwa kifo.

Wala si jambo la kubuni tupu. Siku ya Krismasi 1971, kule Iringa, Saidi Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dakta Wilbert Klerruu, shambani. Akanyongwa.

Wengi wakimaliza kusoma husema: ukipinga mabadiliko utapondwa. Hapana, bwana. Somo hilo ni jepesi mno. Tumaini hakukosea kwa kuumia. Nani asiumie akipokonywa jasho lake? Alikosea kudhani yeye na shamba lake ni kitu kimoja, kwamba likienda naye kaisha. Hapo Kezilahabi kanishika kweli. Ila hapo hapo kaninyima: kwa Tumaini hatupewi asubuhi ya pili, ile ya mtu aliyepoteza na bado anatakiwa kuchota maji.

Sisi wa Kawajense tunawajua watu wa asubuhi hiyo. Huku Mpanda, wakimbizi waliotoka Burundi 1972 walipewa makazi Katumba, wakafyeka pori, wakalima. Wapo waliotazamia kurudi kwao. Miaka ikapita, watoto wakazaliwa, na 2014 wengi wakapokea vyeti vya uraia wa Tanzania. Kukubali kwao hakukuwa kusahau. Mtu alipanda mhogo huku moyo uko kwingine, mpaka siku moja moyo nao ukafika.

Sasa sisi chipukizi tunakosea kwa namna mbili. Ama tunamwua mhusika ili msomaji alie, ama tunampa tabasamu kwa kila msukosuko, kama mahubiri. Mswada wangu wa kwanza ulikuwa hivyo: kijana anafeli kidato cha nne ukurasa wa tatu, ukurasa wa nne keshafurahi. Rafiki yangu aliurudisha akauliza, "Kwani huyu hakulia hata usiku mmoja?" Sikuwa na jibu, na mimi mwenyewe nililia nyingi.

Kuyapokea mabadiliko ni kazi, tena ya siku nyingi. Tuziandike siku hizo. Someni riwaya hii, kisha mniambie kama nimemwonea Kezilahabi.