Usikivu, Kusikia na Shimesikio

Miongoni mwa istilahi zitumiwazo katika huduma za masikio, twaona "kipimo cha usikivu" yastahili kuangaliwa upya. Katika Kiswahili cha kila siku mtoto msikivu ni yule atiiye. Mzazi wa Iringa akiletewa barua ya shule isemayo kwamba usikivu wa mwanawe ni hafifu, si ajabu akaisoma kama mashtaka ya utovu wa adabu, na mtoto akala viboko badala ya kupelekwa hospitali.

Twapendekeza "kipimo cha kusikia", kwa kuwa chataja kitendo chenyewe: mpimwaji huvaa hedifoni, hupigiwa milio myembamba na minene inayozidi kufifia, hubonyeza kitufe kila aisikiapo, kisha kiwango chake huandikwa kwa desibeli. Kipimo cha maneno chataka tahadhari zaidi. Jozi kama "kura" na "kula" haifai Mbeya wala Iringa, maana Kinyakyusa na Kihehe havitofautishi r na l. Akoseaye huenda masikio yake ni mazima kabisa.

Shimesikio, kwa upande wake, ni neno lililoundwa vizuri. Shime ni mwito wa kuhimizana kazini, nacho chombo hicho hukuza sauti tu. Sikio na ubongo ndivyo vifanyavyo kazi iliyobaki, tena baada ya majuma kadhaa ya kuzoea. Mfasiri akiandika "dawa ya uziwi", mgonjwa atakivua siku ya pili, akiamini ameuziwa kibovu.