Pongezi kwa Watunza Namba za Toleo

Muuguzi wa Rwambuzi, Bunia, akijaza ripoti ya mwezi, takwimu zake hupitia zoni ya afya hadi DHIS2, programu huria inayotumiwa na Wizara ya Afya ya Kongo, na pia nchini Kenya kote tangu 2011. Nawapongeza waandishi wa mwongozo wa programu hiyo. Kila toleo lina mwongozo wake: anayetumia 2.40 hasomeshwi hatua za 2.41. Kazi hii ni ngumu kuliko inavyoonekana. Namba moja ya zamani ikisahaulika kwenye ukurasa, fundi hutafuta kitufe ambacho hakipo tena, na ripoti za wagonjwa zinasubiri. Ukiona namba isiyolingana, irekebishe. Mwongozo huo unapokea masahihisho ya yeyote.