Mwana Mpotevu au Ishmaeli? Uhakiki wa Mahubiri Yetu Juu ya Watoto wa Mitaani

Katika sharika zetu za kandokando ya Ziwa Viktoria, mhubiri akitaka kuwasemea watoto wanaolala barazani mjini Mwanza, mara nyingi hufungua Luka 15:11-32. Mtoto wa mtaani huwa ndiye mwana mpotevu, mtaa huwa nchi ya mbali, na kumrudisha kijijini huwa ndiyo toba yake. Ufafanuzi huu hupendeza masikioni. Hata hivyo unalipotosha andiko, na mtoto naye unamdhulumu.

Mwana yule mdogo aliondoka na mali. Baba yake alikuwa hai, mwenye mashamba na watumishi, akamgawia fungu lake wala hakumzuia mlangoni. Tena katika sura hiyohiyo mchungaji anamtafuta kondoo, na mwanamke anaitafuta sarafu yake. Lakini kwa mwana hakutumwa mtu wa kumkamata. Kondoo hubebwa mabegani. Mwana husubiriwa mpaka, kwa maana ya Kiyunani, airudie kwanza nafsi yake mwenyewe. Hapo wahubiri wengi hupita haraka mno. Uhuru wa kijana, hata alipoutumia vibaya, baba hakuufuta.

Sasa tumtazame mtoto anayepanda gari Kisesa, katika barabara itokayo Musoma, akashuka Buzuruga mikono mitupu. Yeye amegawiwa urithi gani? Pengine mama amefariki, baba ameoa tena, na chakula cha jioni hakimfikii. Pengine fimbo zimezidi. Kisesa yenyewe imebadilika. Pale Bujora, katika makumbusho yaliyoasisiwa na Padre David Clement, mgeni huonyeshwa nyumba ya Msukuma wa zamani. Akiteremka mpaka sokoni atakuta vyumba vya kupanga, na katika chumba kimoja cha familia nzima yatima wa ndugu hana pembe ya kulaza ubavu. Tunapomhimiza arudi nyumbani, twamaanisha nyumba ipi?

Andiko linalomfaa zaidi mtoto huyu ni Mwanzo 16 na 21. Hajiri alikimbia mateso, akaagizwa arudi kwa bibi yake, akarudi. Miaka ikapita, kisha akafukuzwa pamoja na mwanawe, wakiwa na mkate na kiriba cha maji. Sababu iliyotajwa ni urithi: Ishmaeli asirithi pamoja na Isaka. Mwana mpotevu alitoka akiwa na fungu lake. Ishmaeli alitolewa ili asilipate. Hawa si watu wa namna moja, na kumwita wa pili kwa jina la wa kwanza ni kumtwika hatia ya waliomfukuza.

Tena, marejeo ya kwanza hayakuzuia kufukuzwa mara ya pili. Nchi yetu yalijua hilo. Mwaka 1983, kwa Sheria ya Nguvu Kazi, watu walioitwa wazururaji walikusanywa mijini na kupelekwa mashambani. Wengi walirudi mjini, kwa kuwa yaliyowatoa vijijini hayakuguswa. Baadhi ya miradi ya huruma, ikiwemo ya makanisa, hufuata njia ileile kwa upole zaidi: mtoto husindikizwa, nauli hulipwa, naye huhesabiwa kuwa amerejeshwa.

Simaanishi kwamba mtaa ndio uhuru. Mtoto abebaye mizigo Mwaloni Kirumba na kushika mwenyewe ujira wake ameonja kujitawala, na aliyekwisha kuonja hayo hapokei kwa urahisi kuamriwa kama mtoto mchanga. Lakini usiku ujira huohuo hunyang'anywa na wakubwa wake, na mgambo humfukuza barazani. Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1520 juu ya uhuru wa Mkristo, hakutenga uhuru na kumtumikia jirani. Mtoto asiye na jirani hajaupata uhuru huo. Kituo cha Kuleana, kilichoanzishwa Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, kiliona vema kuanzia katika haki za mtoto. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na ibara yake ya 12 yataka mtoto asikilizwe katika mambo yamhusuyo. Jina Ishmaeli lina maana ya kwamba Mungu husikia, na Mwanzo 21:17 yasema sauti ya kijana ilisikiwa palepale alipokuwa. Kisima kilionekana jangwani. Hakurudishwa hemani kwa Sara.

Hata hivyo hakukatwa na ukoo wake. Mwanzo 25:9 yaeleza kwamba Ibrahimu alizikwa na wanawe wawili, Isaka na Ishmaeli, katika pango la Makpela. Haikuandikwa kwamba kuna aliyemleta Ishmaeli; wakati huo alikuwa mtu mzima mwenye watu wake, akasimama kaburini kama mwana. Kifungu hicho sijapata kukisikia kikihubiriwa katika ibada ya kuwaombea watoto wa mitaani.